Kwenda Amani kwa Gari Nisilolijua

Nilimficha mume wangu msiba kwa miezi minne. Hiyo ndiyo sababu ya safari hii, na sioni haja ya kuizungusha.

Mke wa Mzee Elia alipofariki kule Amani, mume wangu Rajabu alikuwa wiki ya pili wodini. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wote wa kulia, na maneno yakaenda nacho. Simu yake nilikuwa nayo mimi. Ilipoita nikaona jina la Elia, nikapokea, nikasikia habari, nikasema, "Pole sana shemeji, tumesikia," na hapo hapo nesi akaniita nikasaini karatasi. Nikakata. Sikumwambia Elia kwamba rafiki yake amelala kitandani hawezi hata kulitaja jina langu. Na Rajabu sikumwambia, kwa sababu daktari alisema asishtuliwe. Baada ya hapo siku zikawa zinafanana: kumgeuza, kumwogesha, kumlisha uji, kumnyoosha vidole kimoja kimoja, kufua, kuanika. Kila usiku najiambia nitasema kesho.

Hawa wawili waliendesha malori ya chai pamoja miaka mingi, kutoka mashambani kule juu hadi bandarini Tanga. Elia ni Msambaa, Mlutheri. Mume wangu ni Mdigo, na mimi asili yangu ni Pemba. Mama mkwe wangu alipofariki, Elia alishuka kutoka mlimani akakaa nasi siku saba nzima, akichota maji na kupanga viti kama mtoto wa nyumba ile. Mtu wa namna hiyo akifiwa, nawe usiende kumhani, utamtazama kwa uso gani tena?

Nilimwambia Rajabu Jumatatu moja baada ya chai. Alilia. Kisha akaupiga mkono wangu, nao umeshika kikombe, chai ikanimwagikia. Halafu akanyoosha kidole cha kushoto ukutani, kwenye msumari wa funguo za gari. Kesho yake akanyoosha tena, na kesho kutwa. Nilipomwambia nitatafuta dereva wa kumkodi akageukia ukuta, asile mchana kutwa. Nikaelewa. Hakutaka mgeni amwone akitokwa na mate.

Basi ikawa mimi. Leseni ninayo, lakini gari lile nilikuwa naliendesha kutoka nyumbani Raskazone hadi hospitali, na hospitali hadi sokoni. Alilinunua Rajabu alipostaafu, gari dogo la Kijapani lililotumika huko kwao kwanza, na maandishi yote ya kwenye dashibodi ni ya huko. Alikaa nalo mbele ya baraza jioni nyingi akibonyeza hiki na kile mpaka akalijua. Mimi sikuuliza hata mara moja. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi miaka thelathini na moja.

Jumamosi, saa moja asubuhi, Raskazone. Nilimbeba kwa mtindo wanaotufundisha kliniki, kifua kwa kifua, nikamketisha kiti cha mbele kushoto, nikamfunga mkanda, nikampangia mto chini ya mkono mbovu. Mgongo wangu ulikuwa umeshachoka kabla safari haijaanza. Nikasoma bismillahi, nikabonyeza kitufe cha kuwasha. Mwanamke wa Kijapani aliyemo ndani ya redio akasema maneno yake, ambayo huyasema kila asubuhi na hakuna anayeyajua. Taa zote zikawaka mbele yangu kwa pamoja, nyekundu, njano, buluu, kisha moja baada ya moja zikazimika. Katikati ya kioo kidogo kilichopo kati ya mishale miwili kulibaki mstari wa Kijapani na namba: 386 km.

"Baba Salma," nikamwita kwa jina la binti yetu mkubwa, "hii mia tatu na themanini na sita ni ya nini?"

Akaitazama. Midomo yake ikajikusanya upande mmoja. "Ma," akasema. "Ma... ma..."

"Maji?"

Akafumba macho. Nikatoa chupa kwenye kapu nikamnywesha, naye akanywa, nadhani kwa sababu hakuwa na njia ya kukataa. Maji yakamchuruzika shingoni. Nikamfuta. Ndivyo tulivyoanza.

Kutoka mjini hadi Pongwe barabara ni njema, lami tupu, na asubuhi ile malori yalikuwa machache. Niliendesha polepole mno, mikono imekakamaa kwenye usukani. Kila aliyekuja nyuma yangu alipiga honi akanipita. Mashamba ya mkonge yakawa yanakwenda safu kwa safu pembeni. Rajabu hakuyatazama. Alikuwa anatazama dashibodi, kama mtu aliyepisha kiti chake kwa mgeni na anaogopa mgeni atavunja kitu. Nami nikawa namtazama yeye kwa pembe ya jicho kuona kama kichwa kimeinama, kama mate yametoka, kama anapumua. Sijui niliwezaje kuiona na barabara.

Muheza tulifika saa mbili kasoro. Niliegesha kwenye kivuli nikanunua machungwa, nikammenyea moja. Namba sasa ilisoma 391. Tumekwenda mwendo wote ule na namba imepanda! Nikahisi hili gari nalo limepata kiharusi. Sikuuliza tena, maana niliogopa kumnywesha maji mengine. Tukaacha lami kubwa, tukashika njia ya Amani.

Njia ile, sehemu zimetengenezwa na sehemu bado. Mahali pabaya mawe yamejitokeza kama meno. Nilikuwa nalizungusha gari huku na huku kuyakwepa, na jasho linanitoka ingawa jua lilikuwa halijawa kali. Tulipokaribia Kisiwani, pale chini kabla mlima haujaanza, taa ya njano ikawaka. Ilikuwa na umbo kama chungu kilichokatwa katikati, na ndani yake alama ya mshangao. Alama ile nimewaandikia watoto ubaoni miaka yote: huwekwa mwisho wa sentensi inayoonyesha mshtuko, furaha au hofu. Huyu aliyeiweka hapa hakuwa na sentensi.

Rajabu aliiona kabla yangu. Mkono wake wa kushoto ukavuka kifua ukagonga plastiki ya dashibodi: ko, ko, ko.

"Nimeiona. Ni nini?"

Akajaza shavu moja pumzi. Lile la pili halikujaa, likabaki limelegea, na pumzi ikatokea pembeni pamoja na mate. "Fff," akafanya. "Fff."

Nikadhani anataka kutapika. Nikasimamisha gari ghafla, nikachukua beseni dogo ninalotembea nalo, nikamshika kidevu. Akalisukuma beseni. "Fff," akafanya tena, na macho yamemtoka. Nikadhani amepaliwa na chungwa. Nikamwinamisha, nikampiga mgongoni. Akanguruma. Akaushika mkono wangu kwa mkono wake mzima, akaubana hata ukauma, kisha akaanza tena kujaza lile shavu.

Hapo ndipo nilipopiga kelele. Nasema kweli, nilipiga kelele kama mtu aliyeibiwa.

"Sijui unataka nini! Sema basi! Sema!"

Neno lilipokwisha kunitoka nikatamani kulimeza. Nilikuwa namwambia nani aseme? Rajabu akauachia mkono wangu. Akageuza uso kwenye kioo cha dirisha, na bega lake la kushoto likawa linatikisika taratibu.

Nikashuka. Nilizunguka nyuma ya gari asinione nikilia, nikaegemea upande wa kushoto, na nilipoinama kujifuta kwa ukingo wa kanga nikaliona tairi la nyuma. Limekaa chini, limetanuka kama unga uliomwagiwa maji, na kichwa cha msumari kinang'aa kwenye mpira.

Upepo. Alikuwa ananiambia upepo.

Nikarudi dirishani kwake. Nikasema, "Tairi. Limeisha upepo." Akatikisa kichwa, ndiyo, bila kunitazama. Nikasema, "Nisamehe, Baba Salma." Hakutikisa kichwa.

Kisiwani kuna fundi wa pikipiki karibu na maduka, mwanaume wa makamo, mwenye fulana imejaa grisi. Nilimfuata kwa miguu, akaja na pampu na koleo na mambo yake. Akaniamkia, "Shikamoo mama," akamwamkia na Rajabu dirishani, na aliponiona namjibia akaelewa, hakuuliza. Aling'oa msumari, akachomeka uzi wa mpira kwenye tundu, akakata uliobaki, akajaza upepo, akatema mate juu kuona kama panatoka povu. Halikutoka.

"Tayari mama. Nendeni salama."

Nikawasha gari. Taa ya njano ikabaki pale pale na mshangao wake.

"Mbona haijazimika?"

Fundi akaingiza kichwa, akaitazama. "Aa, hizo taa za magari haya, mama, izoee tu. Wengi wanazibandika karatasi. Tairi ni zima."

Ko, ko, ko. Rajabu alikuwa anagonga tena. Safari hii nilizima redio, nikageuka nikamtazama usoni, nikasubiri. Nakumbuka kwamba nilihesabu kimoyomoyo ili nisiseme kitu. Kidole chake kikaelekea kwenye taa, kisha kikashuka chini, chini zaidi, karibu na magoti yangu.

"Hapa? Chini ya usukani?"

Ndiyo.

Nikapapasa. Kulikuwa na kitufe kidogo nyuma ya plastiki, mahali ambapo mtu hawezi kukiona akiwa ameketi. Nikakibonyeza, nikaachia. Hakuna kilichotokea. Rajabu akakunja ngumi, akaikaza, akaibakisha hivyo. Nikabonyeza tena, nikashikilia. Moja, mbili, tatu. Taa ikapepesa mara tatu polepole, ikazimika.

"Lahaula," akasema fundi. "Kumbe mzee analijua gari kuliko sisi! Hiyo kitu ndiyo naijua leo. Shikamoo tena, mzee!"

Rajabu akamtazama. Nusu ya uso wake inayoweza kucheka ikacheka. Sikuwa nimeiona ikicheka tangu hospitali.

Saa tatu na nusu tuliuanza mlima. Nilisikia baridi inaingia kwenye matundu ya hewa, na miti ikatuinamia pande zote. Kona ni nyingi na ni kali. Ukitoka moja umeingia nyingine. Kisha ukungu ukashuka. Haukuja kidogo kidogo, tuliingia ndani yake kama mtu anavyoingia chumbani. Nikawasha taa kubwa, na papo hapo dashibodi yote ikafifia. Mishale siioni, namba sizioni, kila kitu kimekuwa kijivu. Nikadhani umeme unakwisha na gari litazimika kwenye kona ile, bonde likiwa upande wa mume wangu.

"Baba Salma, linazimika!"

Hakugonga. Alitikisa kichwa, hapana, akauinua mkono akauteremsha taratibu, kama anavyotuliza wajukuu. Kisha akaonyesha upande wangu wa kulia, kwenye mlango. Nikasimama, nikapapasa. Si hapo. Si hapo. Nikakipata kigurudumu kidogo chenye meno, kimelala pembeni mwa usukani. Nikakizungusha juu, na mwanga wa dashibodi ukarudi wote. Baadaye niliambiwa kwamba magari haya ukiwasha taa kubwa yanadhani ni usiku, yanapunguza mwanga wa ndani ili usikuumize macho. Wakati ule sikulijua hilo. Nilijua tu kwamba amenionyesha na nimekiona, na sote wawili hatukupigiana kelele.

Lakini ile namba ndiyo iliyonitia hofu zaidi. Sasa niliiona vizuri: 310. Kona chache, 268. Nikatazama tena, 220. Hata mimi mwalimu wa Kiswahili nilikwishatambua kwamba ni kilomita za mafuta yaliyobaki, na kwamba ile "ma" ya asubuhi haikuwa maji. Sasa mafuta yanakwenda wapi? Nikadhani jiwe limetoboa tangi. Nilisimama mara mbili nikainama kuchungulia chini, magoti kwenye matope. Hakuna kitu. Rajabu alikuwa ameshachoka, kichwa kimelala kwenye kioo, na kila nilipomwonyesha namba aliteremsha tu mkono: tulia, tulia. Sikutulia. Tulifika Amani namba ikisoma 171, nami nimeng'ata mdomo mpaka unauma.

Nyumba ya Mzee Elia iko chini ya barabara, nyuma ya migomba, na bati lake lina kutu ya mvua. Alitoka aliposikia gari. Ni mtu mrefu, amekonda, na koti lake kubwa la sufu lilikuwa limefungwa vifungo visivyolingana. Alilitambua gari. Akasimama mlangoni, hakuja.

"Shikamoo shemeji," nikasema nikishuka.

"Marahaba." Alikuwa anatazama kioo cha mbele. "Mwambie Rajabu ashuke mwenyewe," akasema. "Miezi minne. Nilikaa na kaburi la mke wangu, nikawa nakagua kila gari linalopanda. Mwambie ashuke aniambie nilimkosea nini."

"Hawezi kushuka, shemeji."

"Kwa nini hawezi?"

Nikafungua mlango wa kushoto. Mzee Elia akasogea, akaona mto chini ya mkono, akaona mdomo, akaona namna Rajabu alivyokuwa anahangaika kuinua ule mkono mzima amfikie.

"Lini?"

"Wiki mbili kabla ya simu yako. Alikuwa wodini uliponipigia. Mimi ndiye sikukwambia. Na yeye sikumwambia. Yeye amejua wiki hii, na tangu hapo hajanipa raha mpaka nimlete. Kosa ni langu, shemeji, usimhesabie yeye."

Nilikuwa nimeyapanga maneno yale njia nzima. Nilitegemea anifokee, na ningemshukuru. Mzee Elia alipiga magoti kwenye matope pale pembeni mwa gari, akaweka kichwa chake mapajani mwa Rajabu, na Rajabu akamwekea mkono wa kushoto kichwani. Wakalia wazee wale wawili, mmoja kwa sauti na mwingine kwa pumzi. Mimi nikaingia ndani kutafuta pa kuwasha moto, maana niliona jiko limepoa.

Mchana tulikula ndizi na maharage. Nilipika mimi, yeye alisema tangu mkewe amwache hula anachokikuta. Alitupeleka kaburini, nyuma ya nyumba, tukamshikilia Rajabu mmoja kila upande. Niliomba kwa dini yangu na Elia kwa yake. Tulipokaa tukinywa chai nikamweleza habari ya namba, jinsi nilivyoogopa. Miaka yake ya mwisho kazini aliendesha wageni wa kituo cha utafiti kwa magari mapya mapya, kwa hiyo mambo haya anayajua.

"Hakuna kilichotoboka, shemeji," akasema. "Ile namba haipimi mafuta. Mafuta unayaona kwenye mshale. Namba inachukua mafuta yaliyomo, inatazama unavyoyanywa sasa hivi, halafu inakisia. Ulipotoka Tanga tambarare ulikuwa unanywa kidogo, ikakupa nyingi. Mlimani umekunywa kama lori, ikadhani utapanda mlima mpaka mwisho wa dunia."

"Na ndiyo maana Muheza ilipanda?"

"Ndiyo maana. Rajabu anajua. Hakukwambia utulie?"

"Aliniambia."

"Sasa?"

Nilitazama ndani ya kikombe. Mzee Elia akaniongezea chai.

Jumapili asubuhi tuliondoka baada ya yeye kurudi kanisani. Alikuja na suti yake, akaingia kiti cha nyuma, akaniambia nisianze safari kwanza. Akanifundisha pale pale uani. Kijiti kile kinachochomoza pembeni ya namba, ukikigusa kidogo kinabadilisha ukurasa: jumla ya kilomita, safari ya A, safari ya B, wastani wa mafuta, makisio. Ukikishikilia kwenye ukurasa wa safari kinarudisha sifuri. Akaniwekea B sifuri.

"Makisio yanaweza kukubabaisha," akasema. "Hii B haikisii. Inahesabu njia uliyoipita tu. Ukitaka kujua umekwenda ngapi kuelekea Muheza, itazame hii."

Kisha akaniwekea mkono kwenye gia, akanionyesha herufi B nyingine iliyo chini ya D, nayo haihusiani na ile ya kwanza. Hiyo ni ya mteremko. "Usishuke huu mlima kwa breki tupu, utaziunguza, na kule chini utakanyaga hewa. Weka hapa, gari lijizuie lenyewe." Akamgeukia rafiki yake. "Au siyo, Rajabu?"

Rajabu akaliteremsha kidevu, ndiyo, kwa uzito wa mtu anayeshuhudia mkataba.

Elia alishuka, wakaagana dirishani kwa kushikana mkono wa kushoto, muda mrefu. Elia akasema, "Umekuja, bwana. Imekwisha."

Tulishuka kwa ile B. Gari lilikuwa linanguruma na kujizuia, nami sikuwa na haraka. Nilikuwa nimechoka uchovu ambao usingizi wa jana haukuugusa. Mifupa yote inalia. Lakini mabega yalikuwa yameshuka kutoka masikioni. Namba ya makisio ikapanda, 190, 240, 300, na sikuishangaa. Kisiwani fundi alitupungia mkono. Kila nilipotaka kujua kitu nilimwuliza Rajabu, kisha nikanyamaza nikasubiri. Wakati mwingine jibu lilikuja kwa kidole, wakati mwingine kwa kope. Lilikuwa linakuja. Njia nzima ya kupanda lilikuwa linakuja pia.

Muheza, saa nane mchana. Makisio yalisema tungefika Tanga na kubaki na mengi, lakini mshale ulikuwa umeshuka chini ya nusu, nikaona tujaze tu. Nilikuwa sijawahi kujaza gari lile mwenyewe nje ya kituo kimoja cha pale mjini ambako wananijua. Mhudumu, kijana wa kike aliyevaa kofia, akaja moja kwa moja dirisha la kushoto.

"Shikamoo mzee. Tundu la mafuta liko upande gani, nikusogezee bomba?"

Nikafungua mdomo nimjibie, kama nilivyomjibia kila mtu miezi yote ile. Lakini sikujua jibu lenyewe. Nikaufunga. Rajabu alikuwa anajikusanya. Shavu likakaza, ulimi ukatafuta pa kukaa. Mhudumu akasubiri, bomba mkononi. Nyuma yetu mtu akapiga honi.

"Mu... mu-lize," akasema Rajabu, na mkono wa kushoto ukavuka kifua, ukanigusa bega. "De... re... va."

Mhudumu akanitazama mimi.

Nikashusha macho kwenye dashibodi. Pembeni mwa mshale wa mafuta kuna picha ndogo ya bomba, na ubavuni mwa bomba kuna pembetatu, ndogo kama punje ya mtama. Imechongoka upande mmoja. Miezi yote nilikuwa nikiiona nikidhani ni pambo.

"Kushoto," nikasema.

"Sawa, dereva," akasema mhudumu, akazunguka.

Tulifika Raskazone kabla ya alasiri. Nilimteremsha kifua kwa kifua, nikamwogesha, nikambadilisha, nikafua yaliyochafuka, nikaanika. Kazi zilikuwa zile zile na mgongo ule ule. Nilichojifunza katika safari ile ni kidogo, na naona haya kwamba imebidi nipande mlima kukipata: nilikuwa nimeacha kumwuliza. Nilikuwa namnywesha, namgeuza, namfuta, namjibia, yote kwa bidii na yote kwa kukisia, na kukisia mchana kutwa ndiko kulikokuwa kukinimaliza. Siku hizi nauliza swali moja, naketi, nahesabu mpaka kumi. Jana nilifika kumi na tisa kabla hajasema. Alitaka chai isiwe na sukari.